Niliandika 300, mashine ikanijibu 44

Jumatano. Mawingu mazito juu ya Bujumbura, na mi nimeamka mbishi.

Tangu milio ya risasi irudi kwenye vilima vya juu ya Gihosha, tunakokaa, kaka yangu Désiré hataki nishuke mtaa wa Jabe. Huko kuna chumba cha kompyuta ninapojifunza asembli, lugha ya kuiagiza mashine hatua kwa hatua. Anasema vita haingoji mtu amalize somo. Mi nasema nilikuwa shule ya msingi vita ilipoanza. Ningeingoja iishe, ningekuwa sijui kitu hadi leo.

Jana nikashuka.

Niliandika programu fupi: weka 300 kwenye rejista, kile kichumba kidogo cha kushikia namba, kisha ionyeshe. Asembla, ile programu inayoitafsiria mashine maagizo yangu, ikatoa onyo kwamba namba haienei. Fabrice, anayesimamia mashine pale, akainama kutazama.

"Iyo ni avertissement tu, dada, apana kosa. Programu inatembea. Iache."

Kweli ilitembea. Ikaonyesha 44.

Nakiri nilitaka kulia. Nilibadilisha mistari isiyo na kosa lolote, nikafuta, nikaandika upya, onyo likabaki palepale. Umeme ukakatika, ukarudi. Fabrice akanishauri niweke namba ndogo, yaishe.

Nikakataa. Nilitaka 300.

Mwishowe nikalisoma onyo lenyewe, neno kwa neno, badala ya kulikasirikia. Kichumba nilichochagua kinaishia 255, na kinachozidi hukatwa. Nikachukua rejista kubwa zaidi, nikairekebisha na sehemu ya kuonyesha. Onyo likatoweka. Kwenye kioo, 300.

Désiré alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuja kunichukua kabla ya saa ya kutotoka nje. Akauliza namba hiyo ni ya nini.

"Ni yangu," nikamwambia.

Akasubiri nizime mashine, tukatoka. Njiani milio ikasikika tena upande wa vilima. Akanishika mkono, akaongeza mwendo. Kisha, bila kunitazama, akauliza rejista ni kitu gani. Nikamweleza hadi mlangoni kwetu.

Leo asubuhi amenisindikiza mwenyewe hadi Jabe, bado amenuna, na amenipa sharti moja: nisirudi nyumbani peke yangu. Hilo nimekubali.

Kuacha, hilo sikubali.