Ukurasa wa Nne

Jumamosi, 18 Julai 1998
Redio asubuhi: huko Roma wamekubaliana. Kutakuwa na mahakama ya dunia nzima ya kuhukumu wauaji wakubwa. Nchi mia moja na ishirini zimesema ndiyo! Wakili Javan amenikuta ofisini nikipanguza meza, akanishika mikono yote miwili. Ati ile ya Arusha, ya kesi za Rwanda, ilikuwa mwanzo tu; sasa hakuna mkubwa atakayepata usingizi. Nikamwambia namjua mmoja hapa Migori — analala vizuri sana. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Jumatatu, 20 Julai
Semina ni Ijumaa, Homa Bay. Wakili atasoma hotuba kuhusu hizo mahakama: Nuremberg baada ya vita vya Hitler, Hague, Arusha, sasa Roma. Mimi nakata stensili kwa taipu, za kutolea nakala. Kurasa sita.

Ukurasa wa nne — nikajikuta nachapa maneno yangu mwenyewe! Hati yangu ya kiapo ya mwaka tisini na tatu, neno kwa neno. Jinsi kaka yangu Orina, mwalimu, alivyokimbilia ofisi ya chifu pamoja na wengine siku ya vurugu za mwaka tisini na mbili. Wenye mapanga wakauliza, mwalimu ni yupi? Chifu Momanyi alikuwa ndani, mlango kaufunga, wao wako nje. Akanyoosha kidole dirishani: "Ndiye huyo." Mama alikuwepo. Alisikia.

Miaka mitano hati hiyo imelala kwenye kabati la Wakili. Hakuniomba ruhusa kuitumia. Lakini jina la Momanyi lipo, wazi kabisa. Nilifurahi hadi nikalia. Mjinga mimi.

Jumatano, 22 Julai
Mgeni wa heshima amepatikana. Mzee Momanyi! Siku hizi ni mwenyekiti wa kamati ya amani.

Wakili kaja na kalamu nyekundu. "Madam Marcella, hapa penye jina weka 'kiongozi mmoja'. Na hapa weka 'nchi jirani'. Watu waelewe bila mtu kuumia."

Nani aumie? Nikamuuliza. Akasema sheria ni safari ndefu, nisiwe na haraka. Miaka sita, haraka!

Basi kaburi la Orina liko nyuma ya jikoni kwa Mama, lakini kwenye hotuba amefia nchi jirani.

Alhamisi, 23 Julai
Dawa ya kufutia stensili ipo. Unapaka juu ya jina, unangoja ikauke, unachapa lingine. Dakika mbili. Nimeifungua.

Nimeifunga. Nikazungusha mashine ya nakala, jina likiwa pale pale. Nakala mia mbili.

Wakili akauliza kutoka mlangoni kama nimerekebisha. Tayari, Wakili. Hakuangalia. Ananiamini.

Ijumaa, 24 Julai, saa mbili asubuhi
Mzee Momanyi amefika. Watasafiri pamoja. Wakili yuko nje anaongeza maji kwenye rejeta ya gari. Mzee amekaa kwenye benchi mbele yangu, fimbo katikati ya magoti.

"Mama yako hajambo?"

Hajambo, Mzee.

"Msalimie sana."

Zitafika.

Akanyoosha mkono — ule ule. "Hebu nipe hiyo hotuba, binti yangu, niipitie kidogo."

Nimempa. Nimeinama naandika hapa, adhani niko kazini. Sijuti! Amevaa miwani. Anasoma polepole, midomo ikicheza. Ukurasa wa pili. Anatikisa kichwa, anasema huyu Wakili kasoma kweli kweli. Wa tatu. Wakili anapiga honi. Mzee amemwinulia kidole — angoje.

Sasa amekilamba. Amefungua wa nne.