Nilivyoingia msibani Ayalandi na begi mgongoni

Jumapili, Oktoba. Hässelby.

Mvua ya Stockholm leo haina hata adabu ya kunyesha. Inaning'inia tu hewani, ukitoka nje unarudi umelowa na hujui umeloweshwa na nini. Nimekaa jikoni, nimekanda unga wa maandazi, nasubiri uumuke. Sikio moja liko ukutani.

Upande wa pili wa ukuta huo anaishi Gunnel, bibi wa miaka themanini. Mumewe, Lennart, alifariki Jumanne nikiwa bado safarini. Nimerudi tangu Ijumaa na sijaenda kumpa pole.

Mimi! Mzaramo wa Kisarawe, ambaye kwetu msiba hauna kadi ya mwaliko.

Habari nilipewa na Mama Furaha, Mkongo wa ghorofa ya chini, tulipokutana chumba cha kufulia. "Ule papa wa juu alikufa," alisema, "na bibi yake iko peke yake. Lakini huku watu hawaendake kwa mtu bila randevu, bila kupatana saa." Akabeba kapu lake la nguo, akaniacha na mawazo yangu.

Na kweli hawaendi. Miaka minane naishi mlango kwa mlango na Gunnel na Lennart, na tulichowahi kupeana ni "hej", salamu ya kwenye ngazi. Nilipohamia nilidhani watu wa jengo hili wananikimbia mimi. Baadaye nikagundua, loh, wanakimbiana wenyewe kwa wenyewe! Kabla ya kutoka wanachungulia kwenye kitundu cha mlango, na wakiona mtu wanasubiri apite. Kwao hiyo ni heshima, kutosumbuana. Ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Nikaiga, tena nikawa bingwa.

Sasa najiuliza kama hilo jicho bado linafumbuka.

Nisingejiuliza kama si Ayalandi. Nilikwenda wiki moja, begi mgongoni, kutembea kwa miguu pwani ya magharibi. Nilitaka kuona bahari inayopiga kelele, maana hii ya Stockholm imelala, hata kupwa na kujaa haijui. Kule niliipata. Majabali meusi, marefu, na majani mabichi yameota mpaka ukingoni kabisa, kondoo wanakula pale pale bila hata kutazama chini. Kuta za mawe zimepangwa bila saruji, upepo unapita kwenye matundu, na ukuta hauanguki. Niligusa mawe kama mjinga, nikitafuta gundi iko wapi.

Siku ya tatu nilifika kijijini nimelowa chapachapa. Nyumba ya wageni niliyolipia nilielekezwa ni nyeupe, baada ya kanisa. Nikaiona nyeupe, mlango wazi, watu wanaingia na kutoka. Nikaingia.

Jamani! Kabla sijafungua mdomo, mwanamke mmoja alishanivua koti, mwingine kachukua begi, wa tatu kanipa chai ya maziwa. Chai ya maziwa! Sandwichi zikapita; za nguruwe nikaziacha zipite, nikachukua ya yai. Nikasema moyoni, hawa watu wanajua kupokea wateja. Kulikuwa na foleni ya kupeana mikono kuelekea sebuleni, na mimi nikaifuata.

Sebuleni kulikuwa na jeneza.

Liko wazi, na ndani mzee kavaa suti, rozari mkononi. Innalillahi. Pembeni ameketi mjane. Akanishika mkono akaniuliza, "Umetoka mbali?" Nikajibu nilichoweza: Stockholm. We! Habari ikakimbia nyumba nzima kwamba marehemu Michael kafuatwa msibani na mtu aliyetoka Sweden. Ujanani alikuwa baharia, basi watu wakaanza kubishana alishuka bandari gani mpaka akanifahamu, mimi ambaye wakati huo hata sijazaliwa.

Nikaona hapana. Nikamwambia mjane ukweli, kwamba natafuta nyumba ya wageni, nimekosea mlango. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho, huku mkono mwingine uko kwenye kifua cha marehemu. "Siku zote alikuwa akiniletea wageni bila kuniambia," alisema. "Hata leo kaniletea."

Kuondoka nikakatazwa. Rafiki yake marehemu, kofia mkononi, alisimama mbele ya jeneza akimgombeza: miaka yote umenificha kule unakovua samaki, sasa unakwenda na siri yako, mchoyo wewe! Watu hoi kwa kicheko. Nikashika mdomo. Kumbe hawa nao wana watani! Kwetu wangekuwa Wanyamwezi, wangelala chali kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke bila kupenda.

Kesho yake nilikwenda kuzika. Makaburi yako mteremkoni, yanatazama bahari. Kaburi limechimbwa na majirani, na jeneza walipokezana bega kwa bega vile vile kama sisi. Upepo ulikuwa mkali, padri kashika kitabu kwa mikono miwili, na chini mawimbi yanapasuka kwenye majabali. Nilikuwa mgeni kuliko wote, na hakuna aliyeniuliza nimefuata nini.

Huku Lennart atazikwa baada ya wiki tatu. Tangu Ijumaa sijasikia kengele ya Gunnel ikilia hata mara moja. Nasikia kiti kikisogezwa, basi. Ninachoogopa nakisema wazi: nitagonga, atanitazama kama mwendawazimu, atafunga, na nitaishi na aibu hiyo mbele ya mlango wangu.

Unga umeumuka. Ngoja nichome.

*

Narudi kuandika, jioni.

Nilibeba sahani, nikafika mlangoni kwangu, na kwa mazoea nikachungulia kwanza kwenye kitundu. Nilijicheka. Nikavuka, nikabonyeza kengele. Kitundu cha upande wake kikaingia giza, ananitazama. Kidogo nikimbie. Halafu mnyororo ukafunguliwa.

Kiswidi changu chote cha rambirambi, nilichokifanyia mazoezi jikoni, kilipotea. Nilisema "pole", neno la kwetu kabisa. Akapokea sahani kwa mikono miwili, akasogea nipite.

Nyuma ya mlango kulikuwa na kiti. Nikauliza kwa nini kiko pale.

"Cha Lennart," alisema. "Alikuwa akikaa hapo kuvaa viatu. Akisikia mlango wako, alisubiri mpaka ushuke. Hakutaka kukusumbua."

Nikamwambia nami nilikuwa nikifanya hivyo hivyo. Nasimama na koti langu, nangoja mzee ashuke kwanza.

Gunnel akanitazama. Akakitazama kiti. Akaanza kucheka yeye, nikafuatia, andazi mdomoni, mpaka kicheko chake kikageuka kilio na nikamshika mkono kama nilivyoshikwa Ayalandi. Miaka minane, mtu na jirani yake, kila mmoja kasimama nyuma ya mlango wake, kavaa viatu, anampisha mwenzake. Kumbe angeweza kuwa mtani wangu.

Nimempenda leo, naye hayupo tena.

Kesho nikisikia kitasa cha Gunnel, natoka hapo hapo, hata kama sina pa kwenda.