Mwalimu Wangu Ana Miaka Sita

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Mtihani wa kuandika nshapita — wa kwanza kati ya watu kumi na mmoja. Kazi ya kuunganisha simu ina nafasi moja tu. Alhamisi ya wiki ijayo ni mtihani wa kusema, kwa Kiingereza: Mzungu anakaa chumba cha pili, anasikiliza kwenye waya. Asiponifahamu, narudi Makunduchi kulima.

Majid, karani wa ofisi ya simu, kanisikia nnasoma. Kacheka. Eti Kiingereza nimekipata kitabuni, tena ukubwani, kila neno nalitilia i au u mwisho. "Una miaka ishirini, Simai. Ulimi ushakaza huo."

Jumanne, 6 Agosti

Nimesoma mbele ya kioo mpaka taya linauma. Kumbe Nunu yuko mlangoni, binti wa Bi Shemsa, mwenye nyumba niliyopanga. Mamake yaya kwa Wazungu, mtaa wa Vuga. Yeye hufuatana naye, akacheza na mtoto wao. "Sivyo," kasema. Neno lenyewe kalitamka yeye — kama redio! Mimi miaka minne nahangaika na vitabu. Yeye anacheza tu, tangu Idi.

Jumatano, 7 Agosti

Nimemwomba anifunze. Kakubali kwa shuruti: mimi chini kwenye mkeka, kama chuoni kwa Kurani, yeye juu ya kigoda na njukuti ya mnazi mkononi.

— Shikamoo, mwalimu.

— Marahaba. Soma.

Kosa moja, njukuti moja ya goti. Bi Shemsa kapita na ungo wake: "Haya, mwanangu kapata mwanafunzi mwenye ndevu."

Jumapili, 11 Agosti

Zile i zinaondoka. Nikichoka zinarudi. Nunu hachoki.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimesoma. Kwenye waya kicheko.

Mzungu kanijia mwenyewe. Kafahamu kila neno, lakini nasema kama mtoto wa kike — mpaka kule kuvuta sauti. Sikujijua. Nimechukua kila kitu cha Nunu, na deko lake pia. Kauliza nani kanifunza. Nimesema kweli. Majid kainamia karatasi zake, mabega yanamtetema. Mzungu hakucheka tena. Jumamosi nije, na mwalimu wangu nimlete.

Jumamosi, 17 Agosti — saa mbili na nusu asubuhi

Naandika hapa kwenye benchi. Nunu kaingizwa mwanzo, na mamake. Mlango umerudishwa tu, namsikia. Anasema mbio mbio, hana khofu. Dakika ishirini sasa. Majid katoka mara moja. Nimemuuliza, wananizungumza mimi? "Hawajakutaja." Hakunitania hata kidogo.

Ndani Mzungu anamuuliza Bi Shemsa, mtoto huyu atasoma skuli gani?

Najaribu salamu ya kuingilia, ya Kiingereza, kimya kimya. Nikiisema kwa sauti nzito, ya kiume, inatoka na i na u zangu za Kimakunduchi. Nikiipata sawa, ni Nunu mtupu.

Majid ananiita. Sijachagua sauti ipi.