Matundu Manne ya Pini

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Nyuma ya Maktaba Kuu.
Jumapili, tarehe 16 Novemba.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu kutoka nyumbani, nyingine za Mama na nyingine zangu, na usizichanganye kwa sababu za Mama zina masharti. Anataka umjibu kwa mwandiko wako, si kwa simu. Goti linaendeleaje? Mwanao ameniambia siku hizi hupandi ngazi, unashinda chumba cha chini ukimpangia mjukuu vitabu vyake vya picha kwa namba. Mwache mtoto apumue, Dada.

Sisi hatujambo. Macho ya Mama yanaona vizuri tangu ule upasuaji, ila masikio ameyafanya ya hiari. Ukimwomba chumvi hasikii, ukinong'ona habari za Tabasamu anasikia kutoka chumba cha pili. Mimi kifua kilinibana miezi michache iliyopita kwa vumbi la rafu, sasa nina nafuu.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine iliyokunjwa mara tatu. Tafadhali usiifungue bado. Isome hii kwanza mpaka mwisho, na kwa mara moja katika maisha yako nisikilize mimi mdogo.

Siku uliyofukuzwa sijaisahau hata kidogo. Mkurugenzi wetu, huyo Tabasamu ambaye hata tangazo la msiba hulisoma akitabasamu, alikusimamisha mbele ya wasomaji katika tawi lako mwenyewe akakusomea barua: umefukuzwa kazi kwa uzembe, vitabu mia sita na kumi na tatu vimepotea mikononi mwako. Ulimwambia havikupotea. Ulimwambia ni yeye aliyewaamuru wasafishaji wavipange kwa urefu, virefu na virefu, vifupi na vifupi, ili rafu zinyooke kwa ajili ya picha ya wageni wa baraza la jiji, siku ulizokuwa hospitalini na Mama. Akasema hajawahi kutoa amri kama hiyo. Kisha akaibandika ile barua kwenye ubao wa mlangoni kwa pini nne, iwe funzo kwa wengine. Miaka ishirini na sita ya kazi, ukatoka na kikombe chako na mhuri wa tarehe uliousahau mfukoni.

Nilikusindikiza mpaka kona, nikakuambia huyu mtu nitamlipa. Ukaniambia niache, hasira itaniua. Basi haijaniua, na sikuacha.

Barua ile ilikaa mlangoni miaka miwili. Jua liliigeuza rangi. Kila nilipopita upande ule niliisoma yote, kuanzia tarehe mpaka sahihi, hasira isije ikapoa.

Sasa habari za chama chetu cha wakutubi, maana humo ndimo nilimopata fimbo ya kumchapia. Tangu uondoke, Tabasamu aliendelea kupunguza watu. Matawi tisa yote yakabaki na mtu mmoja mmoja, wewe ulikuwa wa kwanza tu kuonja. Mtu mmoja anaazimisha, anapokea, anarudisha rafuni, anatuliza watoto, na akitaka kwenda msalani anafunga mlango wasomaji wakiwa ndani. Dada wa tawi la karibu na hospitali alifika kazini na mimba ya miezi minane akawa anapanda ngazi ya rafu peke yake. Huyo nitamrudia baadaye, usimsahau.

Mwenyekiti wa chama ni Gundi, yule fundi wa kujalidi vitabu, na mimi wakanichagua katibu kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuandika. Vijana walitaka mgomo. Nikawaambia tukigoma atatufukuza wote huku anacheka. Nikatoa kwenye mkoba ule Mwongozo wa Kazi, kitabu cha jalada la kahawia mlichoandika wewe na wakutubi wenzako wawili wakati Tabasamu ndiyo kwanza anaingia ofisini, akautia sahihi bila kuusoma. Nikawaambia hatugomi, tunatii. Tutatii kila neno lililomo humu mpaka achoke kutiiwa.

Unakumbuka ulichoandika. Ukumbi hautafunguliwa kwa wasomaji wakiwapo wafanyakazi chini ya wawili. Mtu wa pili akikosekana, Makao Makuu yatatoa mtu, na watu wa Makao Makuu wakiisha, atakwenda Mkurugenzi mwenyewe. Uliniambia mlipofika hapo mlicheka mpaka chai ikamwagika. Ile chai, Dada, ndiyo niliyomnywesha.

Jumatatu wote tisa tulifika kwa wakati, tukafungua milango ya nje, tukakaa mezani, tukawaeleza wasomaji kwa adabu kwamba tunamsubiri mtu wa pili. Tukaandika maombi, nakala mbili. Mpaka Jumatano wahasibu walikuwa wanapiga mihuri ya tarehe kichwa chini miguu juu, na dereva wa Makao Makuu alikuwa anawasomea watoto hadithi, tena vizuri kuliko sisi. Tawi moja tu likabaki bila mtu wa pili, na Makao Makuu hapakuwa na mtu tena ila mwenye tabasamu lake.

Tawi hilo lilikuwa lako. Nakiri nilipanga. Niliomba kuhamishiwa pale wiki moja kabla, na nikahakikisha maombi yangu yanafika ya mwisho.

Alikuja Alhamisi na koti na tai. Nilimkaribisha vizuri sana, nikampa kiti chako akakikataa mwenyewe. Nikamweleza kuwa hesabu ya vitabu ya mwaka imepita muda wake, na kwa Mwongozo hesabu hufanywa milango imefungwa, watu wawili, mmoja anasoma namba kwenye mgongo wa kitabu na mwingine anatia alama. Mimi nina kifua, nikasema, ngazi siiwezi. Akavua koti akapanda yeye. Kifua kilikuwa kimeshapona, lakini hakuniomba cheti.

Orodha niliyoshika mkononi ilikuwa moja tu, ile ya vitabu vyako mia sita na kumi na tatu. Akasoma namba ya kwanza kutoka rafu ya juu kabisa, kule kusikofikiwa na mtu, nikajibu, "Kipo." Akasoma ya pili, "Kipo." Kufika ya ishirini aligeuka akaitazama rafu nzima. Vitabu vya kilimo vilikuwa vimesimama na vya sheria, ushairi umebanwa na ufundi wa magari, vyote vya urefu mmoja kama askari wa gwaride. Akaniuliza ninatumia orodha gani. Nikamwambia ni ya kwake, sahihi yake iko chini, aendelee kusoma.

Tulihesabu siku mbili. Kwa Mwongozo kila karatasi hutiwa sahihi na wote wawili kabla hawajainuka, kwa hiyo kila karatasi ina sahihi yake. Ijumaa jioni tulikuwa tumevipata mia tano tisini na nane, Dada. Vilivyokosekana ni kumi na tano, na kati ya hivyo viwili viko kwa Mama, ambaye anasema hajavimaliza. Aliposhuka ngazi mara ya mwisho hakuwa anatabasamu. Nilimwangalia kwa raha zangu zote, kwa nini nikufiche?

Jumamosi akatuita mimi na Gundi. Akasema yuko tayari kuajiri watu kumi na wanane, wawili zaidi kwa kila tawi. Sharti lake ni moja. Karatasi za hesabu akabidhiwe yeye, na jambo la barua yako lisizungumzwe tena na chama. Gundi alinitazama, nami nikatazama dirisha.

Tulikutana Jumatatu kwenye karakana ya Gundi, katikati ya mashinikizo ya kubania vitabu na harufu ile ya gundi. Kila mtu alikuwa amechoka. Nilisema nilichoweza juu yako. Walinisikiliza kwa heshima, wakainua mikono kukubali, mikono yote isipokuwa wangu. Gundi akaniambia kwa upole, "Dada yako tunampenda, lakini yeye ameshaondoka na sisi tupo." Hakukosea, na ndiyo maana iliniuma. Nikaomba usiku mmoja kabla ya kutia sahihi.

Sikuhitaji usiku. Ukurasa wa mwisho wa Mwongozo umeandika kuwa msimamizi wa tawi ataibandika hesabu mlangoni kwa siku thelathini, wasomaji waione. Asubuhi, kabla ya chai, niliibandika. Kura ya chama nilikuwa nimeisikia vizuri, na nikaivunja nikiwa na akili zangu timamu. Niliziweka zile karatasi kando ya barua yako, sahihi yake hapa na sahihi yake pale, kila mpita njia alinganishe.

Mpaka saa nne palikuwa na umati. Yule mwalimu mstaafu anayekuja kusoma magazeti aliinakili yote kwenye daftari, akaipeleka mwenyewe baraza la jiji. Tabasamu alikuja mbio kutaka kuiondoa. Nikamwonyesha ukurasa. Akausoma, nadhani kwa mara ya kwanza, akauliza nani aliandika upuuzi huu. Nikamtajia jina lako.

Baraza lilikaa wiki tatu baadaye. Limefuta barua yako na kukusafisha kwa maandishi. Yeye ameondolewa ukurugenzi, amepelekwa kusimamia ghala la samani za ofisi, viti vyenye mguu mmoja pungufu na makabati yasiyofunguka. Wakaamuru pia aliyeibandika barua aibandue kwa mkono wake mbele ya wafanyakazi.

Nilimwomba aisome kwanza kwa sauti, kama alivyokusomea wewe. Wajumbe wakasema si lazima. Nikasema wasomaji wale wale wako hapa. Akasoma, na alipofika kwenye jina lako akashusha sauti, nikamwambia hatujasikia huku nyuma, arudie. Akarudia, Dada. Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele na alisikia kila neno.

Ningependa kukomea hapo, lakini wewe ulinilea nisikufiche. Ile ahadi yake ya watu kumi na wanane ilikufa pamoja na cheo chake. Baraza likaanza upya na kutoa nafasi kumi, si kumi na nane. Gundi haniongeleshi, na ukatibu nimeuachia. Matawi manne hayakupata mtu hata mmoja, na mojawapo ni lile la karibu na hospitali. Yule dada ameshajifungua, yuko mezani peke yake, anafunga mlango akienda kukamua maziwa. Nilikwenda kumwona na zawadi ya mtoto. Aliipokea akashukuru, kisha akasema, "Wewe umempata dada yako. Mimi mtu wa pili wangu yuko wapi?"

Ningerudishwa asubuhi ile ningebandika tena, na hilo ndilo linalonitisha kuhusu nafsi yangu. Jumamosi zangu sasa nakwenda kukaa naye, bila barua ya kunituma, ili aweze kufungua ukumbi kwa mujibu wa Mwongozo.

Msalimie mwanao, na mkwe wetu mpole, na mjukuu mwambie mama mdogo wa mama yake amemtunzia kitabu cha ndege. Mama anamsalimia kila mmoja kivyake na anasema yule mtu alisoma kwa sauti ndogo. Mungu akulainishie goti, akupe usingizi mzuri ulioukosa miaka hii miwili.

Sasa fungua ile karatasi. Ndiyo yenyewe, na ina matundu manne ya pini kwenye pembe. Alipoibandua alitaka kuichana, nikamshika mkono, kwa sababu hiyo haikuwa haki yake wala yangu. Ichane wewe, au uwashie jiko. Barua ya baraza ya kukurudisha kazini itakufikia kwa njia yake, na kiti chako nimekifuta vumbi. Ila ukikubali kurudi, Dada, nakuomba usirudi kwenye tawi lako, ambako sasa tuko watatu. Omba la karibu na hospitali, ukamlipie mdogo wako deni alilolifanya kwa jina lako. Na ule mhuri uliotoka nao mfukoni usiusahau, kule hawana.

Ni mimi nikupendaye kuliko ninavyojipenda, na nisiyesahau upesi,
Mdogo wako.