Leo mama alitakiwa atoke eda

Alhamisi, mwezi wa nane. Jua la kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno, na anga la mtaa wetu wa Nyakabiga jeupe halina hata wingu moja. Leo nimelichukia anga hilo kuliko siku zote.

Nina huzuni. Naandika hivyo wazi, maana mchana kutwa nimetabasamu mbele ya wageni mpaka mashavu yakauma.

Kwa wasiotujua: mimi ni fundi wa kushona nguo, naishi na mama katika nyumba aliyoijenga baba. Baba alikuwa fundi magari. Alifariki wakati wa mvua kubwa, na mama akaingia eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani, hajipambi, hajitii manukato, na haonekani na wanaume wa nje. Wengine wanaona eda ni kifungo. Mama alisema ni ruhusa, miezi ambayo hakuna mtu anayekudai uso wa furaha.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu vyenye joto na ua mdogo kwa nyuma. Uani ndiko tunakopikia, na ndiko liliko bafu, kuta nne tu bila paa, kama mabafu mengi ya mtaa huu. Na huko huko mama alikuwa akimlilia baba. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda, kichwa wazi, nywele zimefumuliwa, akazungumza na marehemu. Alimsuta kwa kutangulia bila kuaga. Alimpa habari za bei ya mkaa. Halafu alilia, akafuta uso, akaanza kuchambua mchele. Mimi niliendelea kushona barazani na sikumwingilia, kwa sababu niliona inamsaidia.

Kisha zikaja droni.

Shefu wa karitiye, yaani kiongozi wa mtaa wetu, alituita mkutanoni akatueleza kwamba ndege hizo zisizo na rubani ni za jeshi, zilikuwa zikilinda mpaka wa Kongo, na sasa zitapita pia juu ya mitaa kwa ajili ya usalama wetu. Zinaona mchana, zinaona usiku, zinapiga picha. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, maana wezi walikuwa wametuchosha. Hakuna aliyeuliza picha hizo zinaenda wapi, zinawekwa muda gani, nani anakaa kuzitazama. Maswali ya namna hiyo hapa kwetu mtu huyauliza akiwa amefunga mlango.

Siku ya kwanza droni ilipopita juu yetu nilisikia mlio kama wa cherehani ya jirani. Nilikimbilia uani nikamkuta mama amejifunika ungo kichwani. Ndicho kitu cha kwanza mkono wake ulichokipata. Ingekuwa siku nyingine tungecheka mpaka machozi. Lakini ile droni ilisimama pale juu, haiendi wala hairudi, na mama ameinama chini yake, ungo ameushika kwa mikono miwili.

"Ule mwenye anaangalia, ni mwanaume?" aliniuliza.

Nilimwambia labda ni mashine tu.

"Mashine initafutie nini mi? Kuko mutu."

Tangu siku hiyo aliacha kukaa uani. Akawa anaoga chumbani kwenye beseni. Na aliacha kulia. Nilikuwa nasimama nje ya chumba chake nikitumaini kusikia hata kwikwi moja, na sikusikia. Waswahili tunasema macho hayana pazia, sawa, lakini zamani macho yalikuwa ya jirani, unamjua kwa jina, unaweza kwenda kumgombeza. Haya ya juu utayagombeza wapi?

Mama Divine, jirani yetu Mkristo, mke wa mwalimu, ndiye aliyepata wazo. Kanisani kwao kuna turubai la bluu linalotumika kwenye harusi na misiba. Aliliazima, akaja na wanawe, tukalifunga juu ya ua wote, kutoka ukuta hadi ukuta. Mama alitoka siku ile. Alikaa chini ya kile kivuli, akavua mtandio, akapumua. Hakulia, lakini nilijiambia kesho atalia.

Kumbe tulikuwa tumejitafutia balaa. Huku chini mtu akiona turubai anajua kuna harusi au kilio, anaingia kusalimia na kuuliza atasaidia nini. Kwa yule wa juu ilikuwa ni nyumba iliyojifunika ghafla. Hatukufikiria hilo hata kidogo, mimi wala Mama Divine.

Kesho yake alikuja shefu na wanaume wawili, mmoja amevaa magwanda. Hawakuwa wakali, lazima niseme ukweli. Yule wa magwanda alisalimu vizuri, kisha akauliza, "Hapa chini munaficha nini?"

"Tunaficha mama yangu," nilimjibu. "Iko mu eda."

Shefu anaijua eda, amekua na Waislamu, akabaki kutazama viatu vyake. Yule mwingine, asiye na magwanda, akasema lazima ahakikishe. Alivuka ua akafungua pazia la chumba. Mama alikuwa amekimbilia ndani aliposikia sauti za kiume na mtandio aliuacha kwenye kigoda. Mwanaume akamwangalia, akaangalia chini ya kitanda, akasema, "Pardon, mama," akatoka. Turubai wakaamuru tulishushe, tukalishusha. Mama Divine alilikunja huku analia. Mama yangu hakulia.

Leo muda ulitimia. Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka mtaa wa Buyenzi na wanawake wa ukoo, na sufuria za pilau, udi, hina, na nguo mpya. Kwetu mjane akimaliza eda huogeshwa, huvishwa, kisha hutolewa mpaka uani, apigwe na jua, aonekane na watu, ajue amerudi kwa walio hai. Walimwogesha chumbani. Walimpaka hina. Alipendeza, jamani, nilimwona tena mama wa kabla ya msiba. Shangazi akamshika mkono mpaka mlango wa nyuma, na huko nje wanawake walikuwa wamejipanga wakimsubiri kwa dua.

Mama alisimama kizingitini akatazama juu. Hakukuwa na kitu. Akarudisha mguu ndani.

"Mi sitoki."

Shangazi akamwambia siku zimeisha, sheria iko wazi, asijitie katika dhambi bure. Mama alimjibu taratibu, bila hasira.

"Siku zimeisha, wifi. Lakini eda sijakaa. Eda ni kusitiriwa, na mi nani alinisitiri? Mume wangu sijamulilia nikamaliza."

Pilau tuliila chumbani, tumebanana, kila mtu anasifu nyama kuliko ilivyostahili. Shangazi aliondoka bila kuniaga. Nadhani hakutaka nimwone macho.

Sasa ni magharibi na mama anaswali. Nawaza kwamba picha ya kichwa chake ipo mahali fulani, na kwa aliyenayo ni mwanamke mzee tu kwenye ua, hana habari naye, labda hata kuifuta haoni sababu. Kwetu sisi picha hiyo imechukua kilio chote cha baba. Sitaki siasa, na aliye na masikio ya siasa asinisome. Nataka mama alie.

Nimeamua kumwomba tena kesho asubuhi. Najua hataweka mguu nje mpaka mtu amhakikishie. Basi nitatangulia mimi, nitasimama katikati ya ua, nitatazama juu kila upande, kisha nitarudi nimwambie hakuna kitu.

Na kikiwepo, nimwambie hakipo?