Elfed Amekwenda Kaskazini

Jumamosi, 19 Agosti 1961

Leo mume wangu hakuwa mume wangu. Kwenye orodha ya timu ya akiba ya Calderby, jezi namba sita, wameandika "Bwana Mwingine". Ndivyo wanavyofanya huku Kaskazini mwa Uingereza wakimjaribu mchezaji wa yunioni, raga ya wasiolipwa. Kwetu Wales ikijulikana tu kwamba amecheza raga ya ligi, ile ya mshahara, hata dakika moja, yunioni inamfungia maisha. Kwa hiyo Bwana Mwingine!

Siri yenyewe haikudumu. Mechi haijachangamka akakanyagwa vidole, akatukana Kiwelshi kwa sauti ya kanisani. Jukwaa zima likaangua kicheko. Mzee nyuma yangu akasema huyo Mwingine mama yake angemsikia angemchapa.

Lakini alivyokimbia! Aliwapita watu kama wamesimama foleni. Nilipanda juu ya benchi nikapiga kelele, nikasahau kwamba nimeambiwa nijifanye simjui.

Kocha Dyson amemwita ndani. Elfed ametoka amewiva hadi masikio. Wanamtaka. Ameomba siku chache afikiri. Afikiri nini, wakati uso umeshajibu? Najua anamfikiria nani. Baba yake.

Jumatano, 23 Agosti

Amesaini. Kisha tukapanda treni kurudi kijijini kwetu, Cwm Helyg, kwa sababu hakutaka mzee aambiwe na watu.

Baba mkwe, Idwal Prosser, ni mwenyekiti wa klabu ya raga ya kijiji tangu vita viishe. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kijiko kikizunguka kwenye chai iliyokwisha kukorogeka zamani. Akasema, "Sheria unaijua." Elfed akasema anaijua. "Basi usije mlangoni pale nikakutoa kwa mikono yangu mwenyewe. Usinifanyie hivyo."

Sheria yenyewe ni hii: aliyekwenda ligi haingii tena klabuni. Si kucheza tu. Hata kunywa bia, hata kujikinga mvua! Elfed alijifunza kutembea mle ndani, akishikilia viti.

Mimi sikunyamaza, na tangu lini nikanyamaza? Nikasema Twm mchinjaji anampiga mkewe na jioni hiyo hiyo anapewa kiti karibu na moto. Lakini kijana aliyetoka mgodini akaenda kucheza mpira kwa mshahara, huyo ndiye mwenye dhambi! Mama mkwe, Olwen, alikuwa amejifunika uso kwa aproni.

Kwetu wanasema "amekwenda Kaskazini" kwa sauti ile ile wanayomsemea aliyekwenda jela.

Jumamosi, 9 Septemba

Mechi ya kwanza kwa jina lake. Prosser, namba sita. Afadhali wangeandika Mwingine.

Niandike, nitue mzigo. Yunioni, ukiangushwa unauachia mpira papo hapo. Ukiung'ang'ania refa anakuadhibu. Ligi ni kinyume kabisa — ukiangushwa unaushika, unasimama nao, unauweka mbele ya mguu, unausukuma nyuma kwa kisigino, mwenzako anauchukua. Elfed analijua hilo! Alinieleza mwenyewe mezani kwa chupa ya siki. Lakini mwili wake umefanya lile jingine tangu ana miaka saba, na mwili haukusikia maelezo ya siki.

Akaangushwa, akauweka mpira chini kwa adabu, kama anayemkaribisha mgeni keki. Maadui wakauokota, wakakimbia, wakafunga trai, bao la pointi tatu. Akaangushwa tena. Akauweka tena! Trai nyingine. Jukwaa likaanza: "Ewe wa Wales, acha zawadi, Krismasi bado!" Mara ya tatu hawakupiga hata kelele. Walicheka tu, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Dyson amemrudisha timu ya akiba. Si mtu mbaya. Alisema miguu ameipenda lakini hawezi kulea mtu mzima msimu wote. Mwisho wa Oktoba, kama mikono haijajifunza, watamwacha. Na akiachwa aende wapi? Ligi hawamtaki, yunioni hawamruhusu. Ana miaka ishirini na nne. Atakuwa mtu asiye na mchezo duniani.

Jumanne, 12 Septemba

Nimekasirika na hasira yangu imepata kazi.

Elfed alikuwa anapita jikoni, mkate kwapani, ananiambia jambo kuhusu makaa. Nikamrukia kiunoni. Tukaanguka kwa kishindo — na mkate akauachia! Ukabingirika mpaka chini ya jiko. "Umeona?" nikasema. "Umeona ulivyofanya?" Akasema nimekuwa kichaa. Nikamwambia aokote mkate, tuanze upya.

Tulianguka mpaka magoti yangu yakawa bluu. Mkate ukafa, tukachukua mto. Kila akiangushwa napiga kelele: shika! simama! kisigino! Jirani yetu, Bi. Sugden, akachungulia juu ya ukuta wa uani kuuliza kama napigwa, ili alete chuma cha kuchochea moto. Nikamwambia mimi ndiye ninayepiga. Akaelewa mara moja. Hapa Calderby hata watoto wachanga wanaijua ligi. Akasema, "Binti, wewe mwepesi kama kitambaa cha sahani. Nipishe."

Na Bi. Sugden si mwepesi. Alimwangukia Elfed pale uani, akamkalia mgongoni, akajipepea. "Haya mpenzi, nani amekwambia uachie? Mimi sijakwambia. Shika!" Elfed alikuwa anacheka hadi machozi, uso kwenye matofali. Lakini aliushika.

Jumamosi, 23 Septemba

Timu ya akiba. Mvua. Ameshika, ameshika, ameachia. Amekula viazi viwili tu — Elfed, viazi viwili!

Alhamisi, 5 Oktoba

Asubuhi nilitaka kumnyang'anya mto nitandike. Amelala fofofo, na mto hautoki mikononi mwake. Nikavuta kwa mikono miwili. Hautoki!

Nimemwambia Bi. Sugden ukutani. Ameniletea pai nzima ya nyama.

Jumamosi, 14 Oktoba

Namba sita wa timu ya kwanza ameteguka kifundo. Wakamwita Elfed saa nne asubuhi, akaondoka na soksi za rangi mbili.

Hakuachia! Hata mara moja! Nilikaa nimeuma glavu mechi nzima. Akiangushwa nasema kimoyomoyo shika, simama — na kabla sijafika kisigino mpira umeshakwenda. Tumeshinda. Mzee wa mbele akageuka akaniuliza mimi ni nani, nashangilia kama nimetiwa moto. Nikasema mimi ni Bibi Mwingine. Hakuelewa, akanipa peremende.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mwandiko leo utakuwa wa kuku. TUMECHUKUA KOMBE!

Fainali ya Kombe la Kaskazini, Calderby na Marbeck. Mabasi yalitoka mtaani kwetu tangu asubuhi, Bi. Sugden kajifunga skafu mbili. Kamera za televisheni juu ya paa. Nikawaza, huko Cwm Helyg kuna watu wana televisheni. Nikajikataza kuwaza.

Marbeck ni watu wa ovyo. Wamejua habari za Elfed. Kila wakimwangusha wanambembeleza masikioni: "Achia, kijana wa yunioni, achia, umezoea." Mimi sikuyasikia, ameniambia yeye baadaye, anacheka. Wakati ule niliona tu wanavyomsugua uso matopeni. Nusu saa ya mwisho sikuweza kukaa. Saba kwa tano, wao wako mbele.

Kisha — niandike polepole. Zimebaki dakika chache. Elfed akapokea mpira katikati, akafanya kama anatoa kushoto, hakutoa. Akapita wawili. Akapita wa tatu. Mstari ule pale! Wakamwangukia watatu kwa mpigo, futi chache kabla ya mstari. Uwanja mzima ukaguna. Sikuona mpira. Rundo la miili, na mume wangu chini yake, na sasa najua alichokuwa akiambiwa mle ndani.

Bi. Sugden akapiga yowe moja, "SHIKAAA!" Nadhani lilifika Wales.

Rundo likafunguka. Akasimama. Mpira mikononi mwake! Akauweka, kisigino, mwenzake akauchukua — na hapo Elfed hakusimama kutazama kazi yake. Akazunguka nyuma, akapokea tena, akapiga mbizi kwenye kona. Trai! Nane kwa saba! Teke la kuongeza pointi lilikosa kwa mbali na hakuna aliyejali. Bi. Sugden alimbusu polisi. Polisi alimbusu Bi. Sugden.

Wakambeba mabegani. Watu wale wale wa "Krismasi bado"! Sasa wanamwimbia jina lake, na wanalitamka vibaya, na sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo. Dyson alinishika mkono akasema mkataba hauna mjadala tena. Nikamwambia akimrudisha timu ya akiba tena nitamwangusha yeye. Akasema amesikia habari zangu.

Nimefurahi. Nimefurahi mpaka kifua kinauma.

Jumapili, 29 Oktoba

Mama mkwe amepiga simu, kutoka kibanda cha posta, ananong'ona kana kwamba anaiba. Anasema jana mchana hapakuwa na mwanamume barabarani. Kila nyumba yenye televisheni ilikuwa na viatu vingi mlangoni. Elfed akauliza, "Na Baba?"

Baba, akasema, alikuwa chooni. Uani. Kipindi kizima cha pili. "Na tumbo lake halina neno, mwanangu. Lakini ukuta wa choo chetu ni ukuta wa sebule ya akina Parri, na Parri aliongeza sauti."

Elfed alicheka. Kisha akaenda kusimama uani peke yake, nikamwacha.

Jumatano, 27 Desemba

Cwm Helyg. Tuna ruhusa hadi Jumamosi. Mama mkwe ametupikia supu ya kondoo na vitunguu vya liki, Elfed amekula sahani tatu.

Baba mkwe amempa mkono. Ameuliza habari za treni. Ameuliza habari za hali ya hewa ya Kaskazini. Ilikuwa ya baridi, akajibiwa. Basi. Habari za raga hakuna, kana kwamba mchezo huo haujavumbuliwa. Nimeuma ulimi wangu mpaka basi.

Kesho ni karamu ya mwaka ya klabu. Klabu iko ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na nyumba hii. Nimemwambia Elfed tuondoke kesho asubuhi. Amesema hakimbii mtaani kwao.

Alhamisi, 28 Desemba

Naandika dirishani, chumba cha mbele. Nisipoandika nitatafuna pazia.

Saa kumi na moja, taa za klabu zimewashwa. Baba mkwe ametoka na suti yake na tai ya klabu. Mlangoni alisita, akamtazama Elfed, akasema, "Mimi sikuitunga sheria." Elfed akasema, "Najua, Baba." Akavuka barabara.

Elfed amevaa koti, ametoka baada yake. Hakwenda klabuni. Amekaa kwenye ukuta mdogo wa nyumba yetu, mikono mfukoni, barabara ni ya kila mtu. Nikamfuata nikamwambia atapata homa. Akasema, "Rudi ndani, Nesta. Nasikiliza nyimbo tu." Wanaimba mle. Zamani sauti ya Elfed ndiyo ilikuwa ikishika besi, ile sauti nzito ya chini.

Wimbo wa pili umekatika katikati.

Mlango umefunguka. Ni Parri, ana glasi mbili. Amevuka barabara, amempa Elfed moja, amekaa naye ukutani. Nimefungua dirisha kidogo nisikie. Elfed anamwambia atapata matatizo. Parri anasema, "Matatizo gani? Wewe huruhusiwi kuingia. Mimi naruhusiwa kutoka."

Mungu wangu. Wanatoka wengine. Wawili. Watano. Wachezaji wenzake wa zamani, na glasi zao, na mmoja kabeba trei ya soseji. Twm mchinjaji naye! Wanampiga mabega, wanamwuliza Marbeck ni wakubwa kiasi gani, mmoja kalala chini barabarani na suti yake anataka aonyeshwe kisigino. Mama yuko nyuma yangu, anapumua shingoni kwangu, anawahesabu kwa majina. Karamu yote iko mtaani! Wameanza kuimba tena, na besi ipo.

Mle ndani kumebaki taa na meza.

Na mtu mmoja. Namwona kupitia kioo, amekaa mbele kabisa, kwenye kiti cha mwenyekiti, mgongo umenyooka. Anatazama vitambaa vyeupe vya meza.

Ameinuka.

Yuko mlangoni. Glasi zote zimesimama juu. Elfed ameshuka ukutani, amesimama katikati ya barabara, hasogei. Hataki kumtia aibu hata sasa. Baba mkwe ameshika fremu ya mlango. Upande mmoja wa uso una mwanga. Nafikiri atawarudisha ndani. Sijui.

Mama ameninyang'anya dirisha, amelisukuma lote hadi juu. "Idwal Prosser! Mlango huo unaingiza baridi kwa watu! Amua — ndani au nje!"

Wamecheka. Yeye hakucheka. Ameivua tai. Ameikunja vizuri, ameitia mfukoni, ameshuka ngazi ya mlango, anamwelekea Elfed — Mama anatafuta viatu vyake, anavaa vyangu, na mimi natupa kalamu hii, natoka —