Kurasa Mbili Alizokatizwa Swafia

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
10 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Fahmi,

Assalaam alaykum. Naanza na hali, maana mtu hata awe na hasira namna gani haingii nyumba ya watu bila kupiga hodi. Hujambo? Mgongo umekuwaje tangu uanze kukandwa? Mkeo Sheikha je, na wale watoto wawili, hawajambo? Nasikia baridi ya Toronto imekwisha na sasa mnatoka nje bila makoti. Alhamdulillahi.

Sisi huku wazima. Idi imepita salama. Tulichinja pamoja na majirani, nikagawa nyama mpaka Bondeni kwa Bi Mejumaa, ambaye amekuombea dua na kuuliza kama bado wala pilipili kama zamani. Mvua zimebambua rangi ya ukuta wa uani, na mimi magoti yananisumbua nikipanda ngazi. Mengine hayajambo.

Salamu zimekwisha. Sasa nina maneno na wewe.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza kusema unanidakia, na nikikasirika unasema mtandao mbaya. Jirani yetu Riyadh, fundi wa saa, anakuja huko Alhamisi kumtazama dada yake, na ameniahidi kuitia barua hii mkononi mwako mwenyewe. Basi keti uisome yote.

Ule ujumbe wa sauti uliouweka kwenye kundi la ukoo ulinifanya nizime simu siku mbili. Watu arubaini wamo mle ndani, Fahmi. Mbele ya wote ukasema kwamba binti yako Swafia amekutia aibu, kwamba mtu hafundishwi muziki miaka mitano halafu akatua upinde katikati ya kipande mbele ya msimamizi aliyetoka Nairobi kumpima, na kwamba kama hawezi kumaliza, na aache. Hukumpigia mtoto. Hukuniuliza mimi ninayeishi naye. Uliona video ya nusu dakika ukatoa hukumu.

Haya, nikueleze. Na nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu wewe hujui hata tamasha zenyewe zilivyo.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, wanafunzi wa kile chuo cha muziki mtaa wa nyuma yetu hupigia watu bure. Ni ukumbi wa ghorofani, madirisha wazi, viti vya plastiki. Mara ya kwanza nilikwenda kumsindikiza Swafia tu, mwaka ule mama yake alipofariki na mwalimu wao, Mwalimu Bramwel, akampa ile chelo, fidla kubwa inayosimamishwa chini, ikashikwa baina ya magoti na kupigwa kwa upinde. Nilichukua kofia yangu ya kushona nipitishe wakati. Nilidhani ni kelele za Wazungu wa kale, nitashona viua viwili vitatu nirudi nyumbani. Mara ya pili nikashona kiua kimoja. Mara ya tatu kofia haikutoka mkobani.

Siwezi kukueleza vizuri utamu wake. Hakuna vipaza sauti mle. Unamsikia mtoto anavyovuta pumzi kabla ya kuanza. Unamwona anakosea, unaona kuwa anajua amekosea, na unamwona anaendelea. Nimekaa na wanaume wanaotoka kazini Liwatoni bado wananuka samaki, na akina mama wa Majengo waliokuja na watoto mgongoni, na wote tumenyamaza kwa ajili ya msichana wa miaka kumi na nane aliyeinama juu ya nyuzi nne. Siku nyingine hurudi nyumbani nikapika bila kuwasha redio, nisije nikakifuta nilichosikia.

Jumapili ile ya tarehe 25 Mei haikuwa ya kawaida. Bi Ndinda wa chuo kikuu kimoja cha Nairobi alikuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kusomeshwa miaka mitatu. Masharti yalikuwa mepesi: kila mtoto apige kipande kimoja, kizima, mbele ya watu. Swafia alikuwa wa mwisho. Kwa miezi minne nimekisikia kipande hicho kila siku baada ya alasiri, mpaka vidole vyake vikafanya sugu. Nakijua kilivyo kama ninavyoijua ngazi ya nyumba yetu gizani.

Tamasha ilikuwa ianze saa kumi na nusu, watu wakishasali alasiri, na imalizike mapema kabla ya magharibi. Mwalimu Bramwel si Mwislamu, ni mtu wa Kakamega, lakini amekaa hapa vya kutosha, na ratiba aliipanga mwenyewe kwa saa ya msikiti. Ungedhani hakuna la kuharibika.

Lakini mwenyekiti wa kamati ni nani? Binamu yetu Faraj. Na Faraj, Mungu amsamehe, hawezi kufungua hata kopo la maziwa bila mgeni rasmi. Alialika mheshimiwa mmoja ambaye sitamtaja, maana karatasi yangu ni safi. Saa kumi na nusu ikafika, hayupo. Saa kumi na moja, hayupo. Watoto wamekaa na vyombo mikononi, jasho linawatoka, nyuzi zinalegea kwa joto. Nikamfuata Faraj nikamwambia awaache waanze. Akanijibu kwa upole wake ule unaoudhi, "Dada Mwanaesha, mgeni rasmi hangoji ratiba. Ratiba ndiyo yamngoja yeye."

Mgeni akaja saa kumi na moja na dakika kumi. Faraj akamtambulisha yeye, kisha akatambulisha kila aliyekuja naye, mpaka dereva. Kisha mheshimiwa akasimama, akatuhutubia kwa nusu saa nzima juu ya vijana na vipaji, na vijana wenyewe wenye vipaji wamekaa nyuma yake wanamwangalia kisogo. Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani na kutafuna ukingo wa mtandio.

Swafia alipoketi kupiga ilikuwa imeshapita saa kumi na mbili. Tsofa, yule mvulana wa Kigiriama anayempigia piano, akamtazama, akatikisa kichwa kidogo, wakaanza. Fahmi, alipiga. Sijamsikia akipiga vile hata siku moja. Bi Ndinda aliweka kalamu chini. Mama mmoja mbele yangu alikuwa amemsimamisha mtoto wake mapajani asikose kuona. Zilikuwa zimebaki kurasa mbili, zile za haraka anazozipenda kuliko zote, na hapo msikiti wa uchochoroni ukaadhini.

Swafia akatua upinde. Hakutazama huku wala huku. Tsofa naye akaondoa mikono juu ya piano, yeye wa kanisani, lakini amekulia mitaa hii na anajua. Walikuwa wanangoja adhana iishe waendelee. Ni dakika tatu, nne. Ukumbi mzima ulilijua hilo isipokuwa mtu mmoja. Mgeni rasmi alidhani kipande kimekwisha. Akainuka akapiga makofi juu ya adhana, na waliokuja naye wakainuka wakapiga, na hiyo ndiyo video uliyoiona.

Adhana ilipomalizika Swafia akainua upinde tena. Faraj alikuwa ameshashika kipaza sauti, maana cha kwake hakikosekani. Akasema wakati umekwenda, watu wanataka kusali, na mheshimiwa ana safari, akamshukuru kila mtu, akafunga. Mtoto alibaki ameinua upinde hewani wakati viti vinaburutwa. Bi Ndinda alikuwa awahi treni. Mwalimu Bramwel alimkimbilia mpaka mlangoni, na alichoambiwa ni kwamba anasikitika, lakini kipande hakikusikika chote, na hawezi kuandika asichokisikia.

Kwa hiyo aliyekutia aibu ni nani? Nimemwambia Faraj usoni, tena mbele ya mkewe, na wiki mbili sasa hajakanyaga hapa. Sijutii.

Na wewe ndiwe uliyenichoma kupita Faraj. Yeye ni mpenda wakubwa, tumemjua hivyo tangu utotoni. Wewe umezaliwa katika nyumba hii hii. Umesahau kwamba adhana ikilia hapa redio huzimwa, aliyekuwa akigombana hukata neno, na hata bendi ya harusi hunyamaza? Hebu niambie, Swafia angeendelea kupiga, ungetuma ujumbe gani kwenye kundi? Nakujua. Ungesema dada yangu amenilelea mtoto asiye na adabu. Alivyofanya ni kosa, na angefanya kinyume chake ni kosa pia. Mtoto wa watu apite wapi?

Nitakuambia na jingine, ambalo sijamwambia mtu. Adhana ilipoanza, moyo wangu ulisema: endelea, mwanangu, maliza. Mimi huyu, na umri wangu huu. Nilitaka apitilize, Mungu anisamehe, kwa sababu nilizijua zile kurasa mbili na nilikuwa na uchu nazo. Yeye mwenye kupoteza hakusitasita. Nimejikasirikia kwa hilo siku nyingi, na sijui kama ilikuwa dhambi au mapenzi tu.

Sasa sikiliza lililopo. Mwalimu Bramwel hakukata tamaa, amempigia Bi Ndinda mara nyingi, na yule mama ameelewa. Atarudi tarehe 29 mwezi huu kumsikiliza Swafia tena, kipande chote kuanzia mwanzo. Hakuna hotuba. Mwalimu amewaambia kamati kwamba mgeni rasmi safari hii ni yeyote atakayewahi kiti.

Lakini Swafia hapigi. Tangu asikie sauti yako kwenye simu, hajaigusa chelo. Aliusikiliza ujumbe wako mara tatu, peke yake jikoni, nami nikiwa mlangoni hajui. Kesho yake aliibeba chelo kumrudishia Mwalimu Bramwel, naye akakataa kuipokea, na sasa imesimama sebuleni ndani ya mfuko wake, na sisi tunapita kando yake kama tunavyompita mgeni aliyelala. Kati ya alasiri na magharibi nyumba hii sasa ni kimya, na mimi sikizoei.

Nimembembeleza. Nimemkaripia. Nimemwambia baba yako hakuelewa. Alinijibu maneno machache, na ninayaandika kama alivyoyasema ili uyasikie: "Shangazi, mimi kumngoja mwadhini sikuona tabu. Baba hakuweza kuningoja mimi hata kuniuliza." Kisha akaenda kuosha vyombo.

Fahmi, msimamizi wa Nairobi hakumvunja mtoto huyu, wala Faraj, wala yule mheshimiwa na makofi yake. Umemvunja wewe, kutoka huko mbali, kwa kidole kimoja kwenye simu. Nimekaa na neno hilo siku kadhaa nikitafuta la kulipunguza makali, nisilipate.

Usimtumie zawadi. Usimwambie Sheikha amwambie. Usiandike tena kwenye kundi, isipokuwa ukitaka kufuta ulichosema mbele ya wale wale watu arubaini, na hilo nitalisubiri kwa hamu. Siku Riyadh atakapokupa barua hii, mpigie Swafia mwenyewe. Wewe ni baba yake, lakini utaanza kwa kumwomba radhi, na haitakupunguzia kitu. Kisha umwambie aiweke simu mezani, achukue chelo, akupigie zile kurasa mbili. Anaweza kukataa mara ya kwanza. Mpigie tena kesho yake.

Na akikubali, wewe nyamaza. Usiseme inakatika, usiseme uko kazini, usiulize itachukua muda gani. Miaka mitano mtoto wako anapiga muziki, na umemtangaza kwa ukoo mzima kuwa hamalizi, na wewe mwenyewe hujawahi kumsikiliza hata siku moja mpaka mwisho.

Msalimie sana Sheikha na uwabusu watoto. Bi Mejumaa wa Bondeni anakusalimu, Mwalimu Bramwel anakusalimu ingawa nimemwambia asifanye hivyo, na Riyadh utamwona mwenyewe. Swafia hajui kama nakuandikia, kwa hiyo salamu zake sinazo. Zitafute wewe.

Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, rizki na subira, na akulainishie ulimi.

Wako akupendaye hata nikiwa na hasira hizi,

Dada yako,
Mwanaesha